Luti Inalala Kitandani, Mimi Ninakesha

Jumamosi hii, katika kanisa dogo la mawe hapa London, nitapiga luti mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikimfuatisha mwimbaji katika nyimbo za John Dowland, mtunzi wa miaka mia nne iliyopita, na tangu tarehe ipangwe sijui usingizi ni nini.

Asiyeijua luti aufikirie udi wa taarab, maana ni ndugu wa damu, na hata jina lake Wazungu walilitoa katika Kiarabu, al-ud. Tofauti moja ni kwamba shingo ya luti imezungushiwa vipande vya uzi wa utumbo wa mnyama kila mahali pa kubonyezea. Mama mkwe wangu, aliyewasili juzi kutoka Unguja kwa ajili ya onyesho hili, na ambaye marehemu mumewe alipiga udi miaka mingi, aliitazama shingo hiyo kwa huruma, kisha akaniuliza, “Mwanangu, udi umeufunga hirizi za nini?”

Laiti zingekuwa hirizi! Luti yangu ina nyuzi 13, yaani jozi 6 na uzi mmoja mwembamba unaojitegemea, zote za utumbo, na mvua ikinyesha zinabadilika sauti, hita ikiwashwa zinabadilika tena, na mwimbaji akipiga chafya (anazo nyingi wiki hii) ninalazimika kuanza upya. Mjerumani mmoja, Johann Mattheson, aliandika mwaka 1713 kwamba mpiga luti akifikisha miaka 80, basi 60 kati ya hiyo ameitumia kukaza nyuzi. Watu huicheka kauli hiyo. Mimi nimeipigia hesabu.

Nyimbo zenyewe ni kilio kitupu. Wimbo wa Dowland unaojulikana kuliko zote, uliochapishwa mwaka 1600, unayaamuru machozi yatiririke tangu neno la kwanza, ilhali wakati huo bwana huyo alikuwa Denmark akilipwa vizuri na Mfalme Christian IV. Tulipomaliza mazoezi ya juzi sebuleni, mama mkwe alimnong’oneza mke wangu, “Nani amefariki?”

Sasa nije kwenye kitanda. Thomas Mace, Mwingereza aliyeandika kitabu juu ya luti mwaka 1676, anashauri kwamba mchana chombo kilazwe katika kitanda kinacholaliwa kila siku, baina ya blanketi na tandiko la juu, ili unyevu usikifikie. Nikautii ushauri huo, na mke wangu, ambaye amekwisha kunivumilia mengi, akanivumilia na hilo. Mace anaongeza onyo kwamba mtu asijitupe juu ya kitanda hicho, kwa kuwa ameona luti nzuri kadhaa zikiharibika hivyo.

Jana mchana nilirudi kutoka dukani na kuambiwa kwamba Mama amechoka, na kwa kuwa chumba cha wageni kina baridi, ameelekezwa chumbani kwetu. Nikakimbia hadi mlangoni, nikakuta umefungwa, na mkwe gani mwenye adabu zake atausukuma mlango wa chumba alichojinyoosha mama mkwe wake? Nikabisha kwa kidole kimoja. Kikapita kimya, kisha nyuzi zikaguna zote kwa pamoja, na sauti ya usingizi ikauliza kutoka ndani:

“Mwanangu, hata kitanda chenu nacho kina msiba?”