Kumuuliza si kumtia wazo

Mama mmoja wa Maweni, hapa Malindi, alinionyesha fomu aliyoletewa kutoka shule ili aridhie bintiye wa miaka 15 ahojiwe katika utafiti wa afya ya akili. Kidole chake kilisimama kwenye swali moja: je, mtoto amewahi kujiumiza kwa makusudi? "Hili silitaki," alisema. "Hakuwa na wazo hilo, mwenda kumtia nyinyi."

Hofu yake ina msingi. Vijana huigana, na kisa cha kujiua kikisimuliwa kwa kina hudhuru walio katika hali mbaya. Mji wetu nao ni mdogo. Jibu likivuja, ukoo mzima hunyooshewa kidole. Tena hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, aliyejaribu kujiua angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Kunyamaza tulifunzwa na sheria pia.

Lakini kusimulia ni kingine na kuuliza ni kingine. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanafunzi 2,342 wa sekondari jimbo la New York. Nusu walipewa dodoso lenye maswali ya kujiua, nusu lisilo nayo. Siku mbili baadaye, walioulizwa hawakuwa na dhiki zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua. Mimi hunirudia akilini kundi dogo lililokuwamo: wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na waliowahi kujaribu kujiua. Hao hasa ndio tunaowaogopea swali, na kati yao walioulizwa walionekana wana nafuu kuliko wenzao wasioulizwa. Naam, New York si Malindi, na siku mbili si mwaka. Hata hivyo mapitio ya tafiti yaliyotoka 2014, ya vijana na watu wazima, nayo hayakuona madhara hayo.

Swali la fomu lilikuwa la kujiumiza, si la kujiua, na anayejiumiza mara nyingi hataki kufa. Anatafuta pa kuyatoa maumivu asiyoweza kuyasema, na hufanya kwa siri. Joto la kaskazi limepamba moto, msichana yuko chumbani na mamake tu, mikono ya nguo kaishusha hadi vidoleni. Mama aona stara, na moyoni afurahi. Asipoulizwa, nani atajua?

Yule mama alikuwa na swali la pili: "Na akisema ndiyo, halafu?" Hapa nasimama upande wake. Fomu iliahidi siri, lakini haikusema nani atakaa na mtoto siku hiyohiyo, wala mzazi ataambiwa nini na lini. Hayo yaandikwe juu kabisa, kabla ya nafasi ya sahihi, pamoja na 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Kwa fomu ile ilivyokuwa, hata mimi nisingetia sahihi.