Dhahabu Hatukuiona

Mama mkwe alipotua Phoenix, Marekani, kutoka Tanga, alisema hataki kuonyeshwa maduka. Basi mimi na mke wangu tukampeleka Milima ya Superstition, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kosa langu ni kumfasiria jina.

“Ushirikina? Na kiingilio mnalipa?”

Nikazidi kuharibu. Nikamsimulia Jacob Waltz, Mjerumani aliyekufa 1891, ambaye yasemekana aliacha mgodi wa dhahabu humo milimani. Watu wanautafuta mpaka leo, wengine wamefia huko huko. Mama akatoa tasbihi.

Mlima wenyewe umesimama wima kama ukuta wa ngome, na madungusi marefu ya saguaro yamenyoosha mikono juu kama watu waliovamiwa na majambazi. Nikataka kuwapiga picha Mama na mke wangu. Nikarudi nyuma hatua moja, nikaongeza nyingine ili mlima wote uingie.

Kitu kikanidaka makalio.

“Waltz!” nikapiga ukelele. Mama akaanza Ayatul Kursi kwa sauti.

Kumbe ni cholla, dungusi ambalo kwa mbali ni laini kama manyoya ya paka. Vipande vyake huachia upesi mno, hata wenyeji husema linaruka, na miiba yake ina vindoana: kuingia sekunde, kutoka kesi. Nikapeleka mkono nikibandue. Mkono nao ukanasa. Nikabaki nimesimama jangwani, kiganja kimeshonewa makalioni, kama mtu anayepapasa pochi iliyoibwa.

Mzee mmoja wa Kizungu akapita, akanitazama, akafanya ishara ya kuchana nywele. Nikaghadhibika. Na hali hii, bado ananisema nywele?

“Chanuo!” mke wangu akasema. Yeye mwenyewe hakuwa na msaada, amekaa chini anafuta machozi ya kicheko.

Mama akatoa chanuo mkobani.

“Mama, hapana. Bora niende hospitali hivi hivi.”

“Geuka, baba. Nimekuwa mkunga miaka 30, unadhani hayo ndiyo makalio ya kwanza?”

Akapenyeza meno ya chanuo, akafyatua. Mkono ukawa huru, kipande kikarukia mchangani. Miiba iliyobaki aliing'oa kwa kibanio cha nyusi, mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti. Alifika 41.

Nilirudi nimelala kifudifudi kiti cha nyuma. Mbele, Mama anarekodi ujumbe kwa kundi la ukoo: “Mkwe wangu hajambo, alhamdulillahi. Ila hakai.”