Saa 48 asizopewa abiria

Mama mdogo alikuwa na miadi kliniki ya macho hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, saa 2 asubuhi. Tulitoka Mtwara siku moja kabla, kilomita zaidi ya 550 ndani ya basi, tukalala kwa binamu yangu Mbagala ili tusichelewe. Saa 11 na nusu alfajiri nikafungua programu ya kuitia gari. Dereva wa kwanza akapiga: "Unaenda wapi kaka? Unalipa keshi?" Nilipomtajia bei niliyoiona kwenye simu akasema, "Hiyo haitoki," akakansel. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hakupiga kabisa. Alisogea kidogo kwenye ramani, akapotea. Wa nne alitaka nimwongeze elfu tano nje ya programu. Nikabishana naye, naye akaondoka. Tulifika kwa bajaji mbili na daladala moja, saa 4 kasoro, faili likiwa limewekwa kando. Mama mdogo akapangiwa tarehe nyingine, na tarehe nyingine kwa mtu wa Mtwara ni nauli nyingine ya kwenda na kurudi.

Jioni dereva mmoja aliyeturudisha akanieleza kilichotokea. Walikuwa kwenye mgomo baridi. Hakukuwa na bango wala tangazo wala mkutano. Kila mmoja na simu yake, anapokea ombi, anaangalia bei, analiacha.

Nilirudi nyumbani na hasira ya wazi kwa madereva. Imenichukua muda kuitoa, na sijaitoa yote. Lakini nikikaa chini na kuzipiga hesabu zao, naona mahali wanaposimama.

Tuchukue safari ya shilingi 10,000. Kampuni ya programu ikikata kamisheni ya asilimia 25, dereva anabaki na 7,500. Humo atoe mafuta ya safari yenyewe, na mafuta ya kumfuata abiria alipo, ambayo hakuna anayemlipa. Atoe bando la intaneti. Kisha wengi wao gari si lao: kila jioni kuna hesabu ya kupeleka kwa bosi, siku iwe nzuri au mbaya, au wako kwenye mkataba wa miezi kadhaa ndipo chombo kiwe chao. Mafuta yanapanda hadharani. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa Mtwara tuna safu yetu kwenye jedwali hilo kwa kuwa mafuta hushushwa pia kwenye bandari yetu. Gharama ya dereva inasomwa na nchi nzima. Nauli yake inapangwa na mashine asiyoweza kuiuliza imefikaje pale, na punguzo analopewa abiria ili aipende programu, dereva huliona jioni anapohesabu alichobakiwa nacho.

Kampuni nazo zina hoja, na si ya kupuuzwa. Programu ndiyo inayomletea dereva abiria asiyemjua, mtaa asioufahamu, bila kupanga foleni kijiweni. Abiria naye anapata jina, namba ya gari na njia inayoonekana kwa ndugu aliyeko nyumbani. Kwa mwanamke anayeshuka basi usiku, hilo lina thamani ambayo bajaji ya kuokota barabarani haina. Huduma hiyo ina gharama, na bei ikiwa juu abiria wanarudi kwenye daladala, safari zinapungua, dereva anabaki amepaki.

Mzozo huu Tanzania tumeshaupitia hadi mwisho wake mmoja. Machi 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilitangaza nauli za teksi za mtandaoni na kushusha kikomo cha kamisheni hadi asilimia 15. Madereva walifurahi, kwa haki. Katikati ya Aprili mwaka huohuo Uber, iliyokuwa Dar es Salaam tangu 2016, ikasimamisha huduma zake nchini ikisema kwa masharti hayo biashara haiendesheki. Baada ya miezi kadhaa kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarejea. Katika safari yetu ya shilingi 10,000, tofauti ya viwango hivyo viwili ni shilingi 1,000 mfukoni mwa dereva. Kwa ajili ya hiyo 1,000 kampuni iliweza kuzima simu na kungoja, maana ina nchi nyingine za kufanyia kazi. Dereva mwenye hesabu ya jioni hawezi kungoja hata wiki.

Nadhani hapa ndipo watu wa Kusini tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Oktoba 2018 wakulima wa korosho walikataa bei za mnadani, Newala na Tandahimba, wakasema hatuuzi. Mwezi uliofuata Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kuna mengi ya kusema juu ya malipo yalivyokuja baadaye, lakini kule kukataa kwenyewe, yaani mzalishaji kusema bei hii hainilipi, hatukukuita uhuni. Tulikuona ni haki ya mwenye mali. Basi dereva anayeangalia 7,500 na kusema haitoki, anafanya jambo lilelile.

Ila tofauti ni mbili, na zote ni nzito.

Ya kwanza ni kwamba korosho ikikaa ghalani wiki mbili ni korosho bado. Itapoteza uzito kidogo, mkulima atakosa ada ya shule kwa wakati, kuna maumivu. Lakini maumivu hayo ni ya wale waliogombana. Abiria hakai ghalani. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu Mbae, huku Mtwara, saa 8 usiku, mwanafunzi mwenye mtihani, mama mdogo na jicho lake: safari yao ikipita imepita. Wala hawamo kwenye ugomvi. Hawakupanga kamisheni na hawajui kama ilipanda.

Ya pili ni uwazi. Mnadani bei inasomwa watu wakisikia, na makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na ushuru yanajulikana hata pale tunapoyalalamikia, tena tunayalalamikia kwa sababu tunayajua. Kwenye programu abiria anaona namba moja, dereva anajua iliyobaki mkononi mwake, na hesabu nzima inayounganisha hizo mbili anayo kampuni peke yake. Kwa hiyo mimi na yule dereva wa nne tulibishana juu ya elfu tano kama maadui wakati hakuna kati yetu aliyejua mwenzake anapata au anatoa nini. Hilo linaniuma kuliko kuchelewa kwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona halisemwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inampa mfanyakazi haki ya kugoma kwa utaratibu: mgogoro wa maslahi upite kwenye usuluhishi kwanza, kura ipigwe, mwajiri apewe notisi ya saa 48. Sheria hiyohiyo inazitaja huduma ambazo watu wake hawagomi hivi hivi, kama maji, umeme, afya na zimamoto, na inaongeza usafiri unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Bila shaka hapo ambulensi inalengwa kuliko bajaji, lakini wazo limo ndani ya sheria: hata kwenye ugomvi wa haki kuna mlango usiofungwa.

Dereva wa programu hayumo humo. Mkataba anaoukubali kwa kubonyeza simu humwita mshirika, mtu aliyejiajiri. Tumezoea kusema hilo linamnyima yeye: hana likizo, hana kiwango cha chini cha mshahara, hana chama kinachokaa na kampuni kuzungumza. Kweli kabisa. Lakini linamnyima na abiria. Mtu asiye mfanyakazi hana wa kumpa notisi ya mgomo. Notisi ya saa 48 kisheria humwendea mwajiri, ila tunajua inavyokuwa: ikishatolewa, redio inaisema, vijiwe vinaijua, na mtu wa Mtwara anamwambia binamu yake Mbagala atafute gari mapema. Mimi ningekuwa na saa hizo 48, mama mdogo angemwona daktari.

Na msiwalaumu haraka madereva kwa kutotangaza. Anayetangaza anajulikana, na anayejulikana anaweza kuamka akaunti yake imefungwa, bila kikao wala wa kumsikiliza. Mgomo baridi ni silaha ya mtu asiye na haki ya mgomo wa wazi. Ndiyo maana unampiga aliye karibu, yaani aliyeita gari.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Uingereza, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo. New York iliweka malipo ya chini mwaka 2019, dola 17.22 kwa saa baada ya kutoa gharama, yakihesabu hata muda wa kuzunguka bila abiria. Kampuni zikajibu kwa kuwazimia madereva programu saa ambazo wateja ni wachache. Kenya iliweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 18 mwaka 2022, na bado Julai 2024 madereva wa Nairobi waligoma, kisha wengine wakaanza kuwatoza abiria kwa bei walizoziandika wenyewe. Ukishusha kamisheni bila kugusa nauli, kampuni inaweza kupunguza nauli ili ivute abiria, na dereva akapata asilimia kubwa ya pesa ndogo. Marekani, tarehe 14 Februari 2024, madereva waligoma kwenye viwanja vya ndege vya miji kadhaa, lakini walitangaza mapema. Msafiri aliudhika, ila alijua.

Huku Mtwara wengi wetu bado tunampigia simu dereva wetu, au tunatembea hadi kijiweni. Ugomvi wa malipo upo, ila umevaa nguo nyingine: bodaboda na bosi wake juu ya hesabu, bajaji na manispaa juu ya maegesho na ushuru, wote na bei ya petroli. Msimu wa korosho pesa ikishuka, pikipiki mpya zinajaa mjini na kila mmoja anakula kidogo; msimu ukiisha abiria ndio wanaokuwa wachache. Na utegemezi wetu kwa hawa vijana umeongezeka. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea saa 24, kwa hiyo mtu anaweza kushuka stendi ya Mkanaledi saa 9 usiku na mzigo na mtoto, na anayemtegemea ni yule aliyekaa juu ya pikipiki. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, si mahali pa kutembea kwa miguu ukiwa mgonjwa. Vijana hawa wakipaki siku moja, mji umesimama.

Lakini kijiwe kina kitu ambacho programu haina: mwenyekiti, katibu, namba ya kijiwe mgongoni. Ukitaka kulalamika unajua pa kwenda, na wakitaka kugoma mkuu wa wilaya anajua wa kumwita. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba programu zikishamiri huku kwetu, na zitashamiri, zisije zikavunja vijiwe na kumwacha kila kijana peke yake na simu yake. LATRA iitake kampuni kuonyesha kwenye skrini ya abiria na ya dereva namba zilezile tatu: aliyolipa abiria, iliyokatwa, iliyobaki. Madereva watambuliwe kwa pamoja, wawe na wa kuzungumza naye, wasifungiwe akaunti bila kusikilizwa. Nao wakipata hayo, wakubali wajibu unaokwenda nayo: mgomo utangazwe saa 48 kabla, na safari za hospitali ziendelee hata siku ya mgomo.

Najua watakaosema mgomo usiomgusa abiria hauna meno. Hoja hiyo ina uzito. Kampuni haisikii mpaka wateja walalamike. Ila abiria aliyeambiwa mapema naye hulalamika, tena humlalamikia mhusika. Mimi alfajiri ile nilimlalamikia dereva, na kampuni sikuikumbuka hata kidogo.

Na sisi abiria tuna la kujibu. Tunapenda safari ya bei ya chini kuliko bajaji, kwenye gari yenye kiyoyozi, na hatuulizi inawezekanaje. Kama namba tatu zile zingekuwa kwenye skrini yangu siku ile, sina hakika ningembishia yule dereva wa nne elfu tano yote. Pengine ningempa tatu.

Miadi ya mama mdogo imesogea hadi mwezi ujao. Safari hii sitategemea programu: nimepata namba ya dereva aliyeturudisha jioni ile, tumeelewana bei, atatufuata saa 11 alfajiri. Bei ni kubwa kidogo kuliko ile ya kwenye simu, na yote ni yake. Kwa kuwa safari haitaandikwa popote, namba ya gari nimeiandika kwenye karatasi nitakayomwachia binamu yangu.