Bidoni ya Mama Furaha

Leo asubuhi Mama Furaha, jirani yetu hapa Nguba, mjini Bukavu, ameniuliza tena: "Mwalimu, bidoni yangu?" Anadai dumu lake la maji. Ngoja niwasimulie, ili siku mkinikuta nimejibanza nyuma ya ukuta wa nyumba yangu mwenyewe mjue namkimbia nani.

Yote yaliletwa na kasa. Rafiki yangu niliyesoma naye zamani anaishi Mombasa siku hizi, na Jumamosi anaokota taka ufukweni pamoja na vijana wa mtaa wake. Jioni moja akanitumia picha ya kasa aliyekufa: huyu, akaandika, alimeza mfuko wa plastiki akidhani ni yavuyavu. Niliitazama ile picha muda mrefu. Nilikuwa nimeshakunywa bia mbili. Kufika saa tatu ya usiku nilikuwa nimeshamwahidi kwamba sisi wa Bukavu tutachangia, na kwamba mimi mwenyewe nitashindana katika triatlo ya kuchangisha.

Triatlo, kwa asiyeijua, ni kuogelea, kisha kupanda baiskeli ukiwa bado unachuruzika maji, kisha kukimbia, yote kwa mfululizo, na hakuna aliyekulazimisha. Ile ya Olimpiki, iliyochezwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na 10 za miguu. Sisi tulichukua nusu yake. Tulikuwa watu saba: walimu wenzangu watatu, mseminari mmoja, wanafunzi wangu wawili, na mimi mwenye miaka 44 na tumbo linalonitangulia kuingia darasani.

Kuogelea ni kazi, lakini kuomba makuta, yaani pesa, ni kazi zaidi. Hapa kwetu mtu hakukatalii. Anakuuliza maswali tu mpaka wewe mwenyewe uondoke. "Bahari inakosa nini, na maji yote ile?" akaniuliza mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, pale soko ya Nyawera. Nikamweleza habari za kasa. Akaendelea kupima sambaza kwa kopo lake, akafikiri, akasema: "Bon. Kila mita mia moja ya kuogelea, franga mia tano. Lakini ya kuogelea, Mwalimu. Kutembea kila mutu anatembeaka."

Darasani nako nikaona mkono umenyooshwa. "Mwalimu, ulitufundisha maji ya Ziwa Kivu inatoka kwa kupitia muto Ruzizi, inaingia Tanganyika, inapita mu Lukuga, inafika mu muto Kongo, inamwangika mu Atlantiki kule Banana. Sasa juu ya nini makuta inaenda Mombasa?" Nilimfundisha mimi, kwa chaki yangu mwenyewe. "Bahari ni moja," nikajibu, na kengele ikaniokoa. Tena, tukisema ukweli, chupa zetu nyingi hazifiki hata Kamanyola, huko chini mtoni. Zinakwama kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, zinasonga mitambo, na sisi tunalala gizani. Mwenye akili angeanza kuchangisha hapo. Lakini pale bwawani hakuna kasa wa kupigwa picha.

Sasa bidoni. Wenzetu wa ng'ambo, mahali pa kugeukia majini, wanaweka maboya makubwa ya upepo. Sisi tuliweka bidoni ya manjano ya lita 20 niliyoiazima kwa Mama Furaha. Alinipa kwa shingo upande, kwa sababu bomba likikauka huku kwetu, bidoni ni mtu wa familia. Tukaifunga kamba ya mita 15, mwisho wa kamba tukafunga jiwe, tukaipeleka kwa mtumbwi hadi mita 375 kutoka ufukweni. Ufike, uizunguke, urudi, umemaliza 750.

Nani alipima kamba? Mwalimu wa jiografia. Yule yule anayewaambia watoto kila mwaka kwamba Kivu ni ziwa la bonde la ufa, kwamba kingo zake zinaporomoka ghafla, kwamba huko kaskazini kina chake kinakaribia mita 480. Upande wetu wa Bukavu hakifiki huko, lakini si mita 15 pia. Jiwe halikugusa chini. Lilining'inia tu kama hereni.

Siku ilipofika nilimwachia mke wangu miwani. Bila miwani mimi naona rangi, watu wote ni moshi. Kichwani nilivaa kofia yake ya kuogea yenye maua mekundu (ya plastiki, ndiyo, mseminari alishanitania vya kutosha). Ziwa Kivu halina mamba wala viboko, na huo ndio ulikuwa ujasiri wangu wote.

Filimbi ikalia, tukaingia. Kwanza niliogelea kama mtu. Kisha wenzangu wakanipita, mawimbi yao yakaisha, nikabaki na doa langu la manjano mbele. Navuta mikono ishirini, nainua kichwa: doa liko palepale. Mikono ishirini tena: doa kama limesogea nyuma. Nikajiambia, ndio uchovu huo, macho yanadanganya, kaza. Huko ufukweni nikasikia watu wakipaza sauti: "Mwalimu! Mwalimu!" Moyo ukanijaa. Hata wakati wa harusi yangu sikuwahi kushangiliwa hivyo. Nikaongeza mwendo.

Wale wenye macho mazima walikuwa wameona bidoni ikiondoka zamani, wakageukia hewani, wakarudi zao.

Kilichonisimamisha ni wimbo. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi, ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wanapiga makasia huku wakiimba. Ghafla wimbo ukakatika.

"Ee! Ile ni mutu ao ni mauwa?"

"Ni mutu. Papa, uko naenda fasi gani?"

"Nazunguka bidoni!" nikajibu, nikikohoa maji.

"Bidoni gani?"

Nikaonyesha kwa kidole. Wakanyamaza kidogo, kama watu walio msibani.

"Papa, ile bidoni iko inatembea. Iko inaenda kwa Ruzizi. Na weye uko unaifwata." Mwingine akaongeza: "Upande ule ni Rwanda. Uko na jeton?"

Sikuwa na jeton ya kuvukia mpaka. Sikuwa hata na mfuko wa kuiwekea.

Wakanipandisha kwa kuvuta mpira wa kaptula, nikaangukia katikati ya sambaza. Sambaza mbichi ni kama kidole cha mtoto, fedha tupu, na wengine walikuwa bado wanaruka. Mmoja aliingia kaptulani, na nadhani siku ile ndiye aliyejitahidi kuliko sisi wote. Nikawasihi wavuvi tuifukuze bidoni ya watu. Wakakataa: jua likipanda, bei ya sambaza inashuka. Basi nikakaa pale, nikaitazama ile rangi ya manjano ikipungua, ikipungua, plastiki ya lita 20 ikijiendea zake baharini, kwa hisani ya mashindano ya kuiokoa bahari na plastiki.

Ufukweni mke wangu alikuwa amekaa chini, miwani mkononi. Hakusema kitu. Aliifuta kwa kitenge chake, akanivalisha, na hapo ndipo nilipouona uso wa kila mmoja waziwazi. Ningependa kubaki na moshi.

Baiskeli nayo nilipanda, maana ahadi ni ahadi. Ilikuwa ya binamu yangu wa Uvira, na Uvira ni tambarare. Huku kwetu baiskeli ndiyo inakupanda wewe. Kilomita ya 9 mnyororo ukakatika, nikarudi kwa pikipiki, baiskeli nimeikumbatia mapajani. Za miguu nilikimbia zote tano. Wenzangu walikuwa wameshaoga na kula.

Siku ya kukusanya ahadi nilianzia kwa mama wa sambaza. Mwanafunzi wangu yule wa Atlantiki alikuwa amepiga hesabu: mita 1,100 nilizoogelea kabla ya kuokolewa, franga 5,500.

"Na kurudia?"

"Kurudia sikuhesabu, Mama. Nilirudi kwa mtumbwi."

"Ninajua. Ulikuya umekalia sambaza yangu. Ile mutumbwi njo mimi niliyinunuaka mzigo yake." Akakata 2,000 za samaki waliopondeka, akanihesabia 3,500 moja moja, noti zikinuka ziwa.

Tulitoa bia za wavuvi na mnyororo, tukatuma Mombasa kilichobaki. Rafiki yangu akashukuru sana, akaniomba picha ya mashindano. Iko moja tu, na ndani yake naonekana kama ua.

Mama Furaha nilimnunulia bidoni mpya. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaisikiliza, akanirudishia. Eti ya sasa ni nyepesi, ile yake ilikuwa ngumu. Na leo amekuja na habari: mtu amemwambia taka zote za ziwa zinakwama kule bwawani Ruzizi. Anataka Jumatatu tushuke wote wawili tukaitafute kati ya chupa.

Nimemwambia Jumatatu nina masomo.

"Haina shida," akasema. "Tutaenda Jumamosi. Na ile kofia ya mauwa, ukuye nayo."