Sindano ya mgongo kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda: aisimamishe au aendelee?

Kwetu ukitaja sindano ya mgongo, wengi hufikiria ile ya ganzi anayochomwa mama kabla ya kujifungua kwa upasuaji. Ninayoizungumzia ni nyingine: sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayochomwa nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo, kwa mtu ambaye diski, ile gegedu iliyo kati ya pingili za mgongo, imebana neva na maumivu yanamshuka hadi mguuni.

Pale sindano inapopita pamejaa vijishipa vya damu. Kikitoboka kimoja, kwa kawaida damu hukatika yenyewe. Isipokatika hujikusanya ndani ya mfereji wa mfupa usiotanuka, ikazikandamiza neva. Mgonjwa ameondoka hospitali akitembea. Saa kadhaa baadaye mgongo unauma vibaya kuliko mwanzo, miguu inalegea, mkojo unagoma kutoka. Hapo anahitaji kipimo cha picha cha MRI na upasuaji, maana wanaofanyiwa upasuaji ndani ya saa 8 hivi ndio wenye matumaini makubwa ya kutembea tena. Aliyechomwa mjini kisha akapanda basi la kurudi kijijini anaweza kuzimaliza saa hizo barabarani.

Ni ajali nadra sana. Kwa ganzi ya epidura, inayochomwa mahali hapo hapo nje ya utando, kadirio linalotajwa mara nyingi ni chini ya mtu 1 kati ya 150,000. Ila kadirio hilo halimfariji anayemeza warfarin au clopidogrel, dawa za kuzuia damu kuganda: akiendelea nazo anaweza kuvuja damu, akiziacha damu inaweza kuganda na kumletea kiharusi, na hapo ndipo wataalamu wanapovutana.

Upande mmoja uko mwongozo wa ASRA, chama cha Marekani cha madaktari wa ganzi na maumivu: kwa sindano za epidura, warfarin isimamishwe siku 5 kabla na damu ipimwe, clopidogrel siku 7. Upande wa pili uko utafiti uliochapishwa 2017. Katika sindano 4,766 za aina mbalimbali ambapo dawa iliendelea, hakuna aliyepata madhara ya kuvuja damu. Katika 2,296 ambapo dawa ilisimamishwa, wagonjwa 9 walipata madhara makubwa, na 2 kati yao walifariki.

Takwimu hizo zinanigusa, lakini sizichukui kuwa ruhusa ya jumla. Kutopata tukio hata moja katika 4,766 bado kunaacha uwezekano wa hatari kufikia 1 kati ya 1,600 hivi. Tena, hoja ya utafiti huo ina nguvu kwa sindano zinazoingilia ubavuni mwa pingili za kiuno. Shingoni mambo ni mengine kabisa: nafasi ni finyu, na uti wa mgongo wenyewe uko pale pale.

Kinachosahaulika katika mvutano huu ni faida ya sindano yenyewe. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 25, yalikuta inapunguza maumivu ya mguu kwa takriban pointi 5 tu kati ya 100, tena kwa muda mfupi. Mwaka 2025 jopo la jarida la kitabibu la BMJ lilishauri isitumike kwa maumivu sugu ya mgongo. Sidharau nafuu ya wiki chache kwa mtu asiyepata usingizi. Lakini mwenye valvu bandia ya moyo, na tunao wengi ambao homa ya baridi yabisi iliwaharibu moyo wakiwa watoto, kumwachisha warfarin siku 5 kwa faida hiyo ni kumweka katika hatari ya kiharusi. Huyo ningemshauri aiache sindano. Aliyepewa dawa kwa miezi michache kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni, na asubiri amalize.

Uamuzi huo haupaswi kuwa wa mchoma sindano peke yake. Daktari wa moyo aliyeandika dawa aulizwe kwanza. Mgonjwa naye ataje kila anachomeza, hata diclofenac, dawa ya maumivu, ya duka la dawa, na asiondoke bila namba ya kupiga usiku wa manane miguu ikianza kulegea.