Ree mbili kwenye Omaha: upandishe tena au ufuate tu?

Meza yetu ya poka ya Ijumaa iko barazani, Kirumba, Mwanza, na upepo wa ziwa ukianza jioni inabidi mtu aegemeze kitu juu ya karata zisiruke. Tangu tuache poka ya aina ya Texas (karata mbili mkononi) na kuhamia ya Omaha (karata nne) kuna ubishi mmoja hapo haujaisha. Mtu kapandisha dau, wewe umeshika ree mbili. Unapandisha tena kabla ya flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, au unafuata tu?

Mwenzetu mmoja anayenunua dagaa soko la Mwaloni hana swali kabisa. "Kaka, ree ni ree. Ukikaa nazo kimya umewalisha watu bure." Mzee anayekaa upande wa ukutani humjibu kwa utaratibu: "Mwanangu, huu ni mchezo wa flopu. Hela weka ukishaona karata tatu za mezani." Miaka yote nilikuwa upande wa mnunuzi wa dagaa. Mkono mmoja ulinifanya nikae chini nipige hesabu.

Tulikuwa tunacheza blaindi, yaani dau za lazima kabla ya karata, za 500 na 1,000, na mimi nilikuwa blaindi ndogo. Wote wametupa, isipokuwa jamaa anayecheza wa mwisho, kapandisha hadi 3,500. Nafunua zangu: ree ya kopa, ree ya pau, saba ya uru, mbili ya shupaza. Nikapandisha kwa kiwango cha juu ambacho poti, yaani hela zote zilizo katikati, inaruhusu, 11,500. Blaindi kubwa akatupa, jamaa akafuata bila hata kufikiri. Poti ikawa 24,000, na kila mmoja wetu alibakiwa na 88,500.

Flopu: tisa, nane, tatu, kila moja na ua lake (kopa, pau, uru au shupaza). Nikaweka 24,000. Jamaa akasukuma mtaji wake wote katikati. Kuendelea kulitaka 64,500 nyingine, yaani nilihitaji kushinda karibu mara 32 katika 100. Niliitazama ile saba na ile mbili, hazinisaidii chochote. Nikatupa. Akanionyesha ghulamu, kumi, tisa na nane: jozi mbili tayari, na malkia au saba yoyote inampa mfululizo. Shilingi 35,500 zikawa zimekwenda.

Kwenye Omaha una karata nne, lakini unatumia mbili tu za mkononi, si zaidi wala pungufu, pamoja na tatu kati ya zile za mezani. Karata nne zina jozi sita ndani yake, yaani namna sita za kuchagua mbili. Mkono wangu, ukiuchambua hivyo, ulikuwa na jozi moja ya maana na tano za kujaza nafasi. Wa jamaa, kila jozi ilikuwa inafanya kazi. Mazoea ya Texas ndiyo yanatupoteza hapa. Kule ree mbili huja mara 1 katika 221, na dhidi ya mkono wowote usiojulikana hushinda takriban mara 85 katika 100. Kwenye Omaha huja karibu mara 1 katika 39, kwa hiyo kwenye meza ya watu sita, kila baada ya mizunguko sita au saba kuna mtu amezishika. Na ree mbili kavu kama zangu, zisizo na karata za kuzisaidia, zikikutana na ghulamu, kumi, tisa, nane zenye maua mawili mawili (mbili za ua moja, mbili za jingine), kabla ya flopu mizani inakaribia kulingana. Ree ya tatu kutokea kwenye flopu ni kama mara 1 katika 8.

Mnunuzi wa dagaa anasema tunapandisha ili kupunguza watu, na hapo ana haki. Ree mbili mbele ya wapinzani wanne zinapoteza thamani haraka mno, na mzee, kwa kufuata kila mara, huwakaribisha wote kwa bei rahisi. Lakini kiwango cha kupandisha kinabanwa na poti. Nilipoweka 11,500, jamaa alitakiwa kuongeza 8,000 kwenye poti iliyokuwa na 16,000. Anahitaji kushinda theluthi moja tu ya mara ili asipate hasara. Mikono ya Omaha isiyofikia theluthi dhidi ya ree kavu si mingi. Hivyo hata ningemwonyesha ree zangu waziwazi, kufuata kwake kungekuwa sahihi. Na kweli nilikuwa nimemwonyesha, kwa sababu nilikuwa sipandishi tena bila ree, na meza nzima ilishajua. Yeye anajua nilichonacho, mimi sijui chake, halafu mimi ndiye ninayecheza wa kwanza mpaka mwisho wa mkono.

Kwangu mimi, kinachoamua zaidi ni hela inayobaki. Chukua mkono uleule, tuseme kila mtu alianza na 40,000. Baada ya kupandisha ningebaki na 28,500 kwenye poti ya 24,000. Flopu yoyote ile naweka poti nzima, 24,000, na zile chache zilizobaki zinafuata, sina uamuzi mgumu wa kufanya, na jamaa akiwa amekosa hawezi kunitisha nitoke. Hapo mnunuzi wa dagaa ameshinda ubishi, ree kavu au zisizo kavu. Kwa 100,000, kama sichezi wa mwisho, nampa mzee.

Ila mzee naye anakosea jambo linaloniuma kila nikiliona. Ree zenye ua lake kila moja, pamoja na mfalme na malkia wa maua yaleyale, anafuata nazo tu, kimya. Huo ni mkono wa kujenga poti kubwa, kwa sababu flashi yake (karata tano za ua moja) ikitimia ni ile ya ree. Hata mfalme, malkia, ghulamu na kumi zenye maua mawili, ukiwa unacheza wa mwisho na aliyepandisha ni mtu anayepandisha hovyo, ni mkono wa kupandisha tena. Una nafasi ya kumtazama kwanza kila hatua, na meza itaacha kudhani kwamba kila ukipandisha una ree.

Kinachonishinda bado ni katikati. Mtaji wa 60,000, blaindi ndogo, ree mbili, ila moja tu ndiyo ina karata nyingine ya ua lake. Baada ya kupandisha nabaki na 48,500, mara mbili ya poti: nyingi kidogo za kusukuma kwa macho yaliyofumbwa, chache mno za kutupa bila kuumia. Ijumaa iliyopita nilipewa hasa mkono huo. Nilifuata tu, na mzee akaitikia kwa kichwa, lakini sijaridhika kwamba tulikuwa sahihi.