Mhasibu wa nini kama kaunta buku iko tupu?

Kila Machi ikikaribia kuisha hapa sokoni Majengo mjadala ni uleule, nani kaenda TRA, Mamlaka ya Mapato, mwenyewe na nani kamlipa mhasibu, maana tarehe 31 ndo mwisho wa awamu ya kwanza ya kodi. Mama wa vitenge jirani yangu anasema mhasibu ni kula hela bure. Kaka wa mahindi anasema bila mhasibu angeshafunga biashara. Mi naona wote wana haki ila wanaongelea biashara mbili tofauti kabisa.

Chukua wa vitenge, tuseme anauza milioni 6 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 kavu, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Akifika milioni 10 ni 250,000 kwa 180,000. Sasa mhasibu ataokoa nini hapo, wakati kodi inapigwa kwenye mauzo na haiulizi umelipa pango shilingi ngapi wala umekula hasara wapi? Kinachookoa ni kaunta buku, daftari la mauzo, na bila hiyo ukimpelekea mhasibu mfuko wa risiti zilizofutika wino (zipigeni picha jamani, zile karatasi za mashine hazidumu) hata awe bingwa vipi hana cha kujumlisha.

Wa mahindi ni habari nyingine. Ananunua soko la nafaka la Kibaigwa anauza kwa jumla, faida kiduchu kwenye gunia ila mzunguko mkubwa, tuseme milioni 90. Kwa kiwango kilichowekwa 2022, asilimia 3.5 ya mauzo ni 3,150,000, awe kapata asiwe kapata. Sheria inamruhusu kukataa huo utaratibu atozwe kwa faida halisi, ila hapo anatakiwa alete hesabu kamili, mzigo uliobaki stoo, riba ya mkopo, uchakavu wa gari, na kujifanyia mwenyewe vitu hivyo usiku na kikokotoo cha simu ni kujitafutia balaa. Hapo mhasibu anarudisha hela yake. Ukiwa na kampuni ndo hakuna hata mjadala, ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka, lazima ipite kwa mhasibu mwenye cheti cha CPA.

Ila wengi wetu hatufanyi hata kimoja, tunaenda steshenari. Kijana anakujazia dakika kumi unampa elfu kumi unaondoka umefurahi. Mi yule wangu alinisajili kwenye mfumo wa TRA mtandaoni kwa namba yake ya simu na imeili yake, kumbe kila nikitaka kuingia, namba za uthibitisho wanazotuma zinaenda kwake, na mwaka uliofuata kahama mji na simu haipatikani. Nilihangaika wiki tatu kubadilisha taarifa zangu mwenyewe! Kosa la nani, la kwangu.

Siku hizi mauzo yangu yako kama milioni 30 hivi, makadirio ya kodi naenda mwenyewe, ila Januari namlipa mhasibu aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu, anipitie daftari mara moja tu kabla sijaenda, na paswedi haimhusu. Mama wa vitenge bado anambishia kaka wa mahindi, ila juzi kaja kuniomba nimchoree safu kwenye kaunta buku mpya. Nimemwambia aanze na tarehe.